Mpagazi Amwamkia Jambazi

Shujaa wetu wa katuni alizaliwa mtaa wa Cheyo, mezani kwa kaka yangu. Anaitwa Mpagazi. Hubeba mzigo begani kama wapagazi wa misafara ya zamani, na akivuta pumzi moja tu ameshafika Ujiji. Kaka alitunga hadithi, mimi nikachora. Tukatoa fotokopi, tukazibana kwa pini, na watu wa mjini wakampenda Mpagazi kuliko walivyotupenda sisi.

Kisha kaka akapata kiharusi. Kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote. Wasomaji walimpa pole, halafu wakauliza toleo jipya linatoka lini. Nikatafuta waandishi wengine, ila nikajiwekea sharti: kila hadithi nitamsomea kaka kwanza, na akizikataa tatu mfululizo, basi, Mpagazi tumemzika. Kukataa kwake kulikuwa kugonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Niliogopa sana huo mkono.

Wa kwanza alikuwa mseminari wa Kipalapala. Anaandika vizuri, lakini Mpagazi wake hakuweza kumtoa ng'ombe kisimani bila kuhubiri. Ng'ombe alitumbukia ukurasa wa tatu, akatolewa ukurasa wa tisa, nadhani akiwa tayari ameongoka. Kaka akagonga ukuta.

Wa pili alikuwa kijana aliyekaa Dar miezi minne akarudi na lafudhi ya mtu aliyezaliwa Kariakoo. Akamvisha Mpagazi miwani ya jua, akautupa mzigo porini.

"Mzigo unamshushia hadhi, braza," alinieleza.

Kaka aligonga mpaka chokaa ikadondoka.

Ikabaki moja. Nikaishia kwa shangazi yetu wa Sikonge, mfuga nyuki, ambaye maishani mwake alikuwa ameandika barua tu. Katika hadithi yake Mpagazi anamfukuza mwizi wa pikipiki, yule wa matoleo yetu ya zamani, anamfikia, anautua mzigo, anasema: "Shikamoo."

"Shangazi, huyu ni jambazi!"

"Ana mvi. Si wewe mwenyewe uliyemchora na mvi?"

"Kwa hiyo amwamkie?"

"Amwamkie, halafu amkamate. Kwani huyo Mpagazi wenu kalelewa na nani?"

Nilijua tumekwisha. Jambazi akishaitikia, nani tena ana uso wa kumkaba shingo? Lakini sikuwa na hadithi nyingine. Asubuhi nikaingia chumbani kwa kaka, nikavuta kigoda, nikaanza kusoma moja kwa moja, kama kawaida yangu. Nilipofika pale, nikanguruma kwa sauti nzito ya Mpagazi: "Shikamoo." Nikalamba kidole nifungue ukurasa.

"Marahaba," akasema kaka.

Niligeuka kuangalia mlangoni nani kaingia. Hakukuwa na mtu. Lile lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue.

Hapo aibu ikanishika. Miezi yote ile nilikuwa naingia mle bila kumwamkia. Nilijidanganya kwamba namhurumia, nisimdai jibu asiloweza kulitoa. Kaka yangu mkubwa, aliyenifundisha kusoma, nilikuwa nampita kama kabati, na jambazi wa kuchorwa akaamkiwa kabla ya kaka.

Nikaziweka karatasi chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akaitikia, taratibu, kama mtu aliyesubiri zamu yake. Kisha akazinyooshea kidole zile karatasi, uso umekunjamana kwa kukosa subira. Jambazi alikuwa bado hajakamatwa.