Mstari wa Rispa

Nyenje ndio waliomtoka Micah Kosgei kwanza. Jioni moja ya mwaka 2006 aliketi nje ya nyumba yake Elburgon akaona kimya kimezidi, akadhani baridi ya msitu wa Mau imewamaliza wadudu. Mkewe Cheptanui alipotoka na kulalamika kwamba wale nyenje watampasua kichwa, Micah aliinuka. Akaingia ndani na kiti chake.

Mwezi uliofuata alikwenda Nakuru kwa daktari wa masikio, akarudi na maelezo mafupi. Mtu aliyekaa kando ya misumeno ya mbao kwa miaka ishirini na saba hupoteza sauti nyembamba kwanza, halafu za kati, na zikishapotea hazirudi. Daktari alisema sauti nyembamba. Alichosikia Micah ni soprano.

Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao. Msumeno mkubwa uliopinda alikuwa akiulaza juu ya chuma, anaugonga kwa nyundo hapa na pale, na kwa mlio wake anajua ni wapi umelegea na ni wapi umekaza. Wenzake walisema Kosgei anaongea na vyuma. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya ndogo ya watu wanne, yeye mwenyewe akishika besi. Rispa Omolo, aliyekaa na mumewe nyuma ya kiwanda, aliimba sauti ya kwanza, yaani soprano. Njambi, fundi wa cherehani, aliimba ya pili. Kipkoech, mwalimu wa shule ya msingi, aliimba ya tatu, tenor.

Micah hakumwambia mtu habari za daktari, hata Cheptanui. Aliona kwamba wakijua wataanza kumheshimu kama wanavyomheshimu mgonjwa. Wataendelea kumwimbia, ila hawatangoja tena awakosoe. Kwa hiyo alijifunza njia nyingine. Rispa alipofika noti ya juu na kuipata sawasawa, nyusi zake zilipanda pamoja. Alipoikosa, ulipanda mmoja tu. Mwaka mzima wa 2007 Micah aliongoza sauti ya kwanza kwa kutazama nyusi za Rispa.

Kitu kimoja alikitaka kabla mlango wa masikio yake haujafungwa kabisa. Alikuwa ametunga wimbo wa kuomba mvua, kazi ya miaka mitatu, ambamo soprano hupanda mara tatu juu ya neno "fungua" huku sauti nyingine zikishuka. Wimbo huo hakuwahi kuusikia mzima, sauti zote nne kwa pamoja, kwa sababu ulipokamilika sikio lake lilikuwa limeshaanza kumsaliti. Alitaka kuusikia hivyo mara moja. Wakapanga kwenda studio ya mjini Nakuru Jumamosi ya pili ya Januari 2008.

Januari hiyo, kwa ghasia zilizofuata uchaguzi, hakuna aliyekwenda kurekodi. Rispa na mumewe Omolo waliondoka kwa lori hadi Kisumu. Njambi alipoteza nyumba na cherehani, akapata pa kulala kwa dadake, mtaa wa Free Area huko Nakuru. Kipkoech alikuwa kwao Eldoret kwa Krismasi, na shule yake ilipofunguliwa tena alikuwa amehamishiwa nyingine huko huko. Elburgon kwaya ilibaki besi peke yake. Mwezi wa pili Micah alimpigia Njambi simu. Walizungumza kuhusu hali ya hewa, afya ya dadake, na ubeti wa tatu. Mambo ya nyumba hawakuyagusa.

Aprili Kipkoech alipiga simu akiwa na furaha.

"Mwalimu, nimepata studio. Iko ndani ya mtandao. Unaingia na password, unaweka sauti yako, unatoka. Mwingine anaingia, anakusikia, anaweka yake juu ya yako."

"Na nani anakaa na funguo?"

"Sisi wote wanne."

"Hiyo si studio, Kipkoech. Hiyo ni choo ya stage ya matatu."

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alikwenda Nakuru. Aliingia saiba moja, duka la intaneti lililokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Duka lilikuwa la mume, saiba ya mke, mwanamke aliyeitwa Nazneen, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Micah alimweleza kwamba anataka kompyuta, maikrofoni, na mahali pa kuimba.

"Kuimba? Hapa watu wanaandika barua za kazi, mzee."

"Ni wimbo wa kanisa."

"Hata kama ni wa kuoga." Alimtazama tena, akafikiri. "Chini kuna stoo. Imejaa vitambaa mpaka juu. Ukilia huko hakuna mtu anasikia."

Stoo ile ilikuwa bora kuliko studio nyingi. Marobota ya vitambaa yalimeza kila mwangwi. Nazneen aliteremsha kompyuta moja kuukuu, akamwonyesha pa kubonyeza, akapanda ngazi.

Kipkoech alikuwa amemwagiza aanze yeye: aweke sauti ya kuwaongoza, wengine wataifuata. Micah alifanya kama alivyofanya kila Jumapili. Alivuma doh, noti ya kuanzia, akawapa nafasi ya kuishika, kisha akainua mkono na kuongoza wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiimba besi pale tu besi inapoimba. Pale soprano inapoanza peke yake aliongoza soprano. Pale pa kunyamaza aliwanyamazisha kwa kiganja. Nazneen alishuka mara moja kuchukua kitambaa, akamwona akipunga mbele ya marobota, akarudi juu taratibu. Kuupandisha wimbo kwenye mtandao kulichukua dakika arobaini.

Baada ya wiki mbili wote walikuwa wameweka sauti zao. Micah alivaa hedifoni, akabonyeza. Rispa alimaliza wimbo wakati Njambi yuko ubeti wa pili. Kipkoech alikuwa amekwenda mwendo wake, tena katika doh yake mwenyewe.

Alimpigia. "Mmelewa huko?"

"Mwalimu, tutafuata nini? Baada ya ile doh hakuna kitu. Nusu dakika nzima ni kimya."

"Si kimya. Nilikuwa nawaongoza."

"Ulikuwa unatuongoza na nini?"

"Na mkono."

Upande wa pili wa simu ulisikika mlio kama wa mtu aliyekabwa na chai.

"Cheka umalize," Micah alisema. "Nina credit kidogo."

Jumatatu, kazini, alichagua kipande cha msumeno uliovunjika, urefu wa kiganja, akakitoboa na kukitundika kwa uzi. Alikigonga kwa tupa. Zamani angejua mlio wake papo hapo. Sasa sikio lilipata kishindo tu, mlio wenyewe ukamponyoka. Akakishika kwa meno, akagonga tena. Ulimfikia kupitia mfupa wa taya, safi, akauvuma mpaka akawa na hakika. Hiyo ikawa doh ya wimbo. Jumamosi stoo ya vitambaa ilisikika kama karakana ndogo: pigo moja la chuma kwa kila hesabu, dakika nne na nusu bila kukosa.

"Sasa hii hata mimi nimesikia kutoka juu," Nazneen alisema. "Ile ya kwanza nilidhani unafukuza nzi."

Safari hii sauti zilikaa. Njambi alikuja mwenyewe kuimba stooni, akawa akipapasa vitambaa kwa vidole katikati ya beti. Kipkoech alituma yake kutoka Eldoret na Rispa kutoka Kisumu, na mwisho wa Juni mistari minne ilikuwa imelala kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na jina lake na kitufe chake cha kusukuma sauti juu au chini. Mstari wa mapigo ya chuma Kipkoech alikwisha kuuzima.

Micah alisikiliza. Alipata besi yake, tenor ya Kipkoech, na sehemu kubwa ya Njambi. Rispa alikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Na safari hii hapakuwa na nyusi.

Ndipo alipojaribu kile kitufe. Alizima wengine watatu, akausukuma mstari wa Rispa juu, kisha juu tena, mpaka kitufe kikakataa kupanda. Sauti ikaja. Haikuwa kama zamani, makali yake yalikuwa yamekatwa, lakini ilikuwa yenyewe. Fungua. Alirudisha nyuma. Fungua. Kanisani humwambii mtu akuimbie sikioni kwa nguvu zake zote, mara kumi na moja, bila kuulizwa kuna nini. Kompyuta haikuuliza.

Aliporidhika aliwarudisha wengine watatu, akamwacha Rispa pale pale juu. Kwa masikio yake sasa walikuwa wanne walio sawa. Aliandika katika kisanduku cha ujumbe kilichokuwa kando ya mistari: "Hii ndiyo yenyewe. Kipkoech, tengeneza CD."

Jumamosi iliyofuata alikuta majibu matatu.

Njambi: "Mwalimu, Rispa ametufunika blanketi."

Kipkoech: "Naona kama kitufe kimeguswa bahati mbaya. Nirekebishe?"

Rispa: "Mimi najipenda lakini si hivi. Masikio yameniuma."

Aliteremsha kidogo. Wiki iliyofuata wakalalamika tena. Akateremsha kidogo tena, Rispa akaanza kurudi nyuma ya ukuta, na bado wale wengine walisema amezidi. Mwishowe alimwita Nazneen, akampa hedifoni. Hata sekunde tano hazikuisha, akazivua.

"Haiya! Mzee, huyu mama anapiga nduru." Akamtazama juu ya miwani. "Wewe kwako iko sawa hivi?"

Micah alikuwa akipanga makaratasi yasiyohitaji kupangwa.

"Baba yangu alikuwa hivyo hivyo," Nazneen alisema. "Redio yake ilikuwa inasikilizwa na mtaa mzima." Kisha akapanda juu kuhudumia wateja.

Rispa alipiga simu Jumanne, saa ya chakula cha mchana, misumeno ikiwa imezimwa. Alikuwa amekaa nyuma ya kiwanda kile miaka kumi, saa hizo alizijua.

"Mwalimu, ni masikio?"

"Ni kompyuta."

"Mwalimu."

Micah alitazama vumbi la mbao kwenye viatu vyake. Alikuwa ameiogopa dakika hii miaka miwili, na sasa ilikuwa imemkuta ameshika kiazi.

"Ni masikio," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa juzi."

"Na kwa mazoezi ulikuwa unajuaje nikikosea?"

"Nyusi zako."

Rispa alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Na vile ulikuwa unanikodolea! Mimi nikamwambia Omolo huyu Mwalimu haniangalii vizuri. Alikuwa anataka kukuja kukuuliza."

"Angekuja tu. Ningemsikia. Yeye ni besi."

Walicheka wote wawili. Kisha Micah akangoja kile alichojua kinakuja: pole, upole, na kuambiwa kwamba amefanya vya kutosha. Rispa alikohoa tena.

"Lakini si ulinisukuma juu ukanisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi niambie. Ile fungua iko juu. Niko sawa?"

"Ya kwanza sawa. Ya pili sawa." Watu watatu wenye masikio mazima walikuwa wameusikiliza wimbo ule mwezi mzima bila kusema lolote. "Ya tatu uko chini. Kidogo, lakini uko chini. Unaifikia ukiwa umechoka kwa sababu hukuvuta pumzi kabla ya ubeti."

Kwenye simu alisikia mlango, kuku, na mtoto akiita.

"Ngoja," Rispa alisema. Aliuimba ubeti wenyewe pale alipokuwa, kwa sauti ya chini. "Ai, kweli. Nitarudia Jumamosi."

"Uvute pumzi kabla."

"Nimesikia, Mwalimu."

Micah aliwaambia wengine yeye mwenyewe, kwa sentensi mbili kwenye kile kisanduku. Njambi alijibu, "Sawa. Na mimi je, kuna mahali?" Kulikuwa na mahali pawili. Kuanzia hapo walikubaliana kwamba Micah atasikiliza mstari mmoja mmoja, wengine wakiwa wamezimwa, na kukosoa, na kwamba vitufe vya kupanga nguvu ya sauti atavishika Kipkoech. Njambi alirudia sehemu zake mara nne, akalalamika kila mara. Kipkoech alirudia mara sita.

Mwishoni mwa Agosti bahasha ilifika Elburgon kutoka Eldoret ikiwa na CD mbili. Moja iliandikwa "Kanisa". Ya pili iliandikwa "Mwalimu".

Micah aliweka ya pili kwenye redio, akakaa karibu. Rispa alianza peke yake, juu kuliko wote, kama alivyomweka yeye siku ile ya Juni. Wengine wakaingia. Cheptanui alisimama na bakuli la maharagwe.

"Huyo ni Rispa amefanywa nini?" aliuliza.

Micah alisogeza sikio karibu na redio. Cheptanui alikwenda kuchambulia maharagwe yake uani, akavuta mlango nyuma yake. Wimbo ulifika fungua ya kwanza, ukashuka, ukafika ya pili. Kabla ya ya tatu Micah alisikia, au aliona kwamba amesikia, mtu huko Kisumu akivuta pumzi.