Ndugu wa Mcheza Raga

Wiki hii nilimpeleka mwanangu hospitali Kahama, nikamkuta babu mmoja kwenye dirisha la mapokezi amelishika bega lake.

"Shikamoo babu. Umekuja na nani?" muuguzi akamuuliza. "Ukilazwa lazima uwe na ndugu wa kukuletea chakula."

"Marahaba. Nimekuja peke yangu. Ndugu zangu walikuwa timu ya raga, kule mgodini."

Kijana mmoja kwenye foleni akacheka. "Raga ndiyo nini, babu?"

"Mpira wenye umbo la papai. Tulicheza Jumamosi baada ya zamu, hatulipwi hata soda. Bega hili liliteguka huko, wenzangu wakanibeba mpaka nyumbani. Sasa wengine wamehama, wengine tumewazika."

Mama mmoja aliyeshika chupa ya uji akasogea dirishani.

"Dada, huyu ni wangu. Mama yangu kalazwa hapa, nitapika uji wa watu wawili."

"Hata hunijui, mwanangu," babu akasema.

"Nitakujua. Uji unapenda sukari kiasi gani?"

Babu akaikunja kofia yake. "Wewe weka tu, mwanangu." Ni swali dogo, lakini anayeishi peke yake nani atamuuliza?