Choo cha Mama Kisichoelekea Kibla

Kaka yangu ana tabia ya kununua vitu vikubwa na kuviacha kwetu. Kikubwa kuliko vyote ni gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, sinki na choo cha kukalia. Aliuziwa na Wazungu waliomaliza safari yao Dar es Salaam, akalipandisha meli hadi Pemba ili awakodishie watalii. Injini ikafa wiki ya kwanza, uani kwetu Vitongoji, naye akarudi bara kazini. Watalii bado tunawasubiri.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nikaachiwa ufunguo. Nisingeugusa kama mama asingeteleza kisimani akavunjika nyonga. Nyonga iliunga, lakini kuchuchumaa ndiyo basi tena. Choo chetu cha nje ni tundu na nyayo mbili za saruji. Kila haja nilimbeba, nikamshika kwapani mpaka amalize. Akaanza kukaa na kiu makusudi asinisumbue, na mimi nilichukia kuona hivyo.

Nikamwonyesha choo cha gari. Akakitazama, akalitazama jua, akasema, “Kinaelekea kibla. Mie sikai hapo.”

Kweli, na kibla huelekewa kwa swala, si kwa haja. Basi wanaume walipotoka msikitini baada ya alasiri wakalisukuma gari bovu, kila mmoja na maoni yake, mpaka mwenye kukaa akawa ameelekea mashariki, kibla ubavuni. Shehe wetu aliingia kuhakikisha, akakaa kidogo, akatoka akasema kiko sawa.

Tabu ikaanza. Choo hicho hakina shimo. Kina sanduku chini, la kuvutwa kwa nje na kwenda kumwagwa, na taa nyekundu huwaka likijaa. Kimetengenezwa kwa watu wa karatasi. Sisi ni watu wa kopo. Siku ya kwanza mama alijisafisha kama kawaida yake, makopo mawili na la tatu la kuondoa wasiwasi. Taa ikawaka kabla ya magharibi.

Nikajifunza misimu upya. Masika nalibeba sanduku kwenye tope hadi shimoni, hatua fupi fupi, bismillahi mdomoni. Kiangazi maji ya kisima huwa ya chumvi, pampu inakwama, mpira wa kifuniko unakauka; naupaka mafuta ya nazi. Vuli sisimizi huhamia kwenye paipu ya sinki na watoto wao. Dawa ya buluu ya kuua harufu ilipoisha, nikaanza kuchemsha makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua, na kuyamimina humo. Sasa choo kinanukia pilau.

Kitabu cha maelekezo kinataka mabomba yakaushwe kabla ya majira ya baridi, maji yasigande barafu yakayapasua. Nilimsomea mama.

“Masikini,” akasema. “Sasa Wazungu hao huendaje haja?”

Mama akaanza tena kunywa maji. Anapanda ngazi mbili, anashika kishikio, anafunga komeo. Sauti ya komeo hilo naipenda sana.

Idi iliyopita kaka akaja. Amepata mteja wa kulinunua gari; lori lingekuja kulivuta gari hadi Mkoani bandarini. Akalitoa sanduku, akaliosha huku akinung'unika, akalianika juani, akafunga gari na ufunguo akatia mfukoni. Nilimtolea yote yaliyokuwa kifuani. Akasema atamletea mama kiti chenye tundu.

“Lini?”

“Inshaallah.”

Inshaallah yake naijua.

Mama alikuwa barazani, anasikia. Baada ya chai akasema ana haja. Nikainuka.

“Wewe kaa,” akaniambia. “Anichukue yeye.”

Kaka ana miaka hamsini na kitu. Alimbeba mpaka choo cha nje, akataka kumwacha mlangoni. “Nitaanguka, mwanangu,” nikamsikia mama. “Nishike.”

Walikaa muda. Waliporudi, kaka alikuwa amelowa jasho na hakunitazama. Alimweka mama kwenye mkeka, akamtengenezea kanga, akaenda kurudisha sanduku kwenye gari. Likamgomea, mpira ulikuwa umekauka.

“Paka mafuta ya nazi,” nikamwambia.

Akapaka, kisha akampigia mteja simu. Lori halikuja.

Jioni ile mama alipanda ngazi zake, tukasikia komeo. Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini.

“Ulikuwa ukimshika vile kila siku?”

“Mara tano, mara sita.”

Akalia, mtu mzima yule, mpaka mama akamwambia kutoka ndani asogee, hawezi kwenda haja na mtu analia mlangoni.