Sakafu Yetu ya Ibra

Sakafu yetu ilikuwa mbovu, sikatai. Saruji ilipasuka kutoka langoni mpaka ukuta wa pili, pembe moja imetitia, na mvua ikinyesha maji yalituama humo wiki nzima. Lakini ilikuwa yetu. Baba na wenzake waliotoka Unguja waliimwaga kwa mikono yao wenyewe miaka ya sabini, wakaizungushia ukuta, ili watoto wapate pahala pa kuteleza kwa viatu vya magurudumu kama wao walivyoteleza utotoni. Kiwanja walipewa na mzee mmoja mwenyeji wa pale Ibra, Omani, kwa mdomo tu: chukueni, watoto wacheze. Hakuna aliyemwandikisha mwenzake.

Wanaume waliteleza siku yoyote waliyotaka. Sie wanawake tulikuwa na Alkhamisi, baada ya alasiri mpaka maghribi, lango limekazwa kwa ndani. Wasichana walikuja mpaka kutoka mji wa Mudhaibi, wamejazana garini. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba, na wiki nzima, skuli na jikoni, nilikuwa naisubiri Alkhamisi tu. Kama umewahi kwenda mbio kichwa wazi, upepo umekuingia kwenye nywele na hapana mtu wa kukwambia tulia, utanifahamu. Kama hujapata, basi, sina la kukwambia.

Yule mzee akafa. Mwanawe, bwana mmoja wa makamo, mnene, hajui kusema bila ya kupiga kelele, akaanza kutangaza madukani kuwa pale atajenga gereji. Tukaishi kwa fununu. Leo inavunjwa, kesho haivunjwi, mara baladia, wakubwa wa mji, wameingilia kati, mara hawana habari. Kaka yangu kila Ijumaa alikuwa chini na ndoo yake anaziba nyufa, na watu wakimpita wanamcheka: wewe wazimu, unamtibu maiti. Yeye anaziba tu.

Asubuhi moja wakaja na nyundo kubwa, yule bwana na vibarua watatu. Kaka akajilaza langoni, mzima mzima, juu ya mchanga. Bwana yule akampiga teke la mbavu. Kaka akainuka, akamshika kanzu, wakaangushana, na kibarua mmoja akamshushia mpini wa nyundo mkononi. Niliusikia mfupa, wallahi niliusikia. Nikamrukia yule bwana mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake, na mpaka leo sijutii hata chembe. Alinitupa ukutani kama gunia. Majirani wakatoka na mawe, na wale wakakimbilia gari yao.

Kaka akafungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Vijana wetu wakavunja vioo vya gari ya yule bwana, vijana wao wakampiga mmoja wetu sokoni mpaka akazimia. Mji ulichafuka. Lakini mambo yalikuwa mikononi mwetu, maana mfupa uliovunjika ulikuwa wetu, na tungekwenda polisi yule bwana angelala ndani.

Baba alikwishafariki, kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa ami, mdogo wake. Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na donda moja tu: kuitwa Zinjibari, mtu wa kuja kutoka Unguja, si mwenzao. Madukani wenyeji walimcheka Kiarabu chake, wakimwigiza mbele ya uso wake, naye anacheka nao, halafu anarudi nyumbani anatufokea sisi. Sikukuu alivaa jambia kubwa kuliko la mtu yeyote. Alijua nasaba zao kuliko wenyewe, na desturi zao zote alikuwa nazo kichwani, hajapata tu wa kumwonesha.

Yule bwana akaleta habari kuwa anakuja na wazee wake kutaka suluhu. Ami akamwapia kaka mbele yetu sote: "Hawatoki humu ndani mpaka waiache Sakafu. Niachie mimi." Kaka akambusu mkono.

Wakaja wamejaa sebule. Mie na mama tulikuwa nyuma ya pazia na madele ya kahawa, na nilikuwa nachungulia. Kaka akawamiminia kwa mkono wake mzima. Yule bwana, sikio limefungwa bandeji, akakipokea kikombe, akakiweka chini mkekani, hakukigusa tena.

Kwa watu wa huko, mgeni akikiweka chini kikombe hivyo, ana haja. Na mwenyeji akishamwambia kunywa, haja yako imepita, basi ameshaikubali, harudi nyuma, hata kama mgeni bado hajaitaja. Mwenyeji mwenye akili anauliza kwanza.

Kaka akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Ami, muulize anataka nini."

Ami hakumsikia. Alikuwa anakitazama kile kikombe. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwekea kikombe chini yeye. Akajiweka sawa, akatoa sauti, na Kiarabu chake siku ile hakikukwama hata pahala pamoja: "Kunywa kahawa yako. Haja yako imepita."

Yule bwana akanywa, akakitikisa kikombe kuonesha ametosheka, akasema: "Allah akuzidishie. Haja yangu ni kiwanja."

"Hukumuuliza!" Kaka alikuwa amesimama. "Ami, hukumuuliza!"

"Neno limetoka," ami akasema, na uso umemsawijika.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimo katikati ya wanaume, kichwa wazi, nimelivurumisha dele ukutani na kahawa inatiririka juu ya kanzu zao. "Mmetuua!" nikapiga ukelele. "Umetuuza kwa kikombe cha kahawa, ami!" Akanipiga kofi nikaona giza. Mama akaniburura kwa nguo mpaka jikoni.

Siku ya pili vibarua wakarudi. Safari hii aliyesimama langoni alikuwa ami, na bakora, kuzuia vijana wetu wasivunje neno lake. Kaka akaja mbele ya wenzake. "Ami, nipishe." Ami akampiga ya bega. Kaka akapiga hatua, akapigwa ya goti, halafu ya plasta, na hapo akapiga yowe ambalo bado linanijia. Hakuinua mkono. Vipi amwinulie mkono ndugu wa baba yake? Alikuwa anasema tu, "Ami, ami," naye ami anampiga huku analia, anampiga, mpaka kaka akaanguka. Ndani nyundo zilikwishaanza. Mie nilishikwa na wanawake wanne, nawauma, nawatukana, hawaniachii.

Yule bwana akashuka garini. Akapita pale alipolala kaka, akamwekea ami mkono begani.

"Leo," akamwambia, "wewe ni mwenzetu."

Ami akafuta machozi kwa mkono wa kanzu, akamshukuru. Akamshukuru kwa Kiarabu safi, na akatabasamu, huku kaka yangu yuko miguuni pake anajaribu kuinuka kwa mkono mmoja.