Beji ya Ivanovo

Jirani yangu Pascasie, Mrundi fundi cherehani tuliyemwita Mama Belyse, alikaa jengo moja nami pale Doornfontein, Johannesburg. Ujanani alisomea ushonaji Urusi, katika mji wa Ivanovo, na wenyeji wakamwambukiza mapenzi ya kukusanya beji: vibati vidogo vya rangi vyenye pini nyuma, vya kukumbukia miji, sikukuu na safari za angani. Alipokimbia vita Bujumbura, alizishonea ndani ya koti. Zikafika Johannesburg mia moja na arobaini. Ya Ivanovo tu ndiyo hakuwa nayo. Alimpa rafiki siku ya kuagana, akidhani atapata nyingine.

Juni 2010, wakati wa Kombe la Dunia, nilipata kazini tiketi mbili za Ellis Park. Nikamsihi avae beji zote. Aliona haya, akakataa, kisha akatoka chumbani koti zima linameta, kila hatua inalia kama manyanga.

Getini mashine ya ukaguzi ikapiga kelele isinyamaze. Walinzi wakacheka, wakaita wenzao waje kuona. Tulipopita tu, bibi mmoja wa Kirusi akasimama mbele yetu, kofia yake imejaa beji. Jina lake Lyudmila.

Mama Belyse hakuwa amesema Kirusi kwa miaka ishirini. Alitaka kuomba aone beji, akajikuta ameomba kofia. Lyudmila akaivua, akamvika.

Wakaketi kwenye ngazi za saruji, wakabadilishana beji kwa beji kama desturi ya kule. Uwanja ukalipuka kwa bao. Nikamkumbusha mpira.

“Mdogo wangu, tangulia,” akasema bila kuinua macho.

Ndipo, alipoivua kofia, akaiona nyuma yake: Ivanovo. Akaiomba. Lyudmila akatikisa kichwa kukataa. Huo ulikuwa mji alikozaliwa. Mama Belyse akamweleza chuo, bweni, kiwanda alichofanyia mazoezi. Lyudmila akashika mdomo. Alikuwa amefuma vitambaa kiwanda hichohicho, miaka ileile.

Akaichomoa beji. “Yako hii.”

Mama Belyse akampa beji yake pekee ya Burundi. Wakakumbatiana wakirukaruka, beji zao zikanasana, ikabidi mimi na mlinzi tuwatenganishe, nikicheka hadi mbavu zinauma. Tukaingia kipindi cha pili, sote watatu.

Jumapili aliivaa kanisani. Akamsimulia kila aliyemsalimu, na mchungaji mara mbili.