Hirizi ya Pongo

Harufu ya baruti hainiachi. Kila sikukuu ya Idi watoto wa mtaa wetu hapa Chikongola, mjini, hulipua fataki uchochoroni, na majirani hufunga madirisha wakilalamika kwamba moshi unaingia kwenye pilau. Mimi langu nalifungua. Navuta pumzi mpaka koo liwashe, na papo hapo naiona gobori ya baba ukutani, kitako chake kimezungushiwa waya wa shaba pale kilipopasuka, na chini yake mbwa wetu Tabu amelala anabweka usingizini. Halafu namkumbuka Mzee Dadi, na sikukuu yangu inaingia nyongo.

Niseme mapema, msomaji wangu, usije ukanitarajia makubwa: mimi si mtu wa kusamehe. Bibi alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akapata kazi ya kuzikunjua. Wenzangu wanasema ya kale hayanuki. Yangu yananuka, tena vizuri tu.

Tulikaa kijiji cha upande wa Mahurunga, pale mashamba ya muhogo yanapoishia na vichaka vinapoanza kuteremka kuelekea Ruvuma. Baba alikuwa na mikorosho kama kila mtu, lakini korosho ilikuwa kazi tu. Uwindaji ndio uliompa jina. Gobori aliachiwa na babu yake, ina leseni yake halali, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mama akifagia alifagia akiizunguka kwa macho. Kiangazi kikikolea wanaume walitoka na nyavu na mbwa, baba mbele na bunduki yake, na jioni tulijua kwa sauti ya mbwa tu kama tutakula nyama au tutakula maneno.

Pongo na paa tuliwinda kwa kula. Nguruwe pori tuliwinda kwa chuki. Sisi Waislamu hatumli, lakini yeye anatula, maana kundi moja likiingia shambani usiku mmoja, asubuhi unakuta muhogo umefukuliwa utadhani kumepita trekta. Kwa hiyo mtu akisema tu, "Wameingia kwangu," wawindaji walitoka bila kuulizana. Mizoga alichukua Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyekuwa akitufundisha hesabu. Alikuja na baiskeli na gunia, akasimama mbali kwa adabu mpaka sisi tuondoke, ndipo akasogea akiwa na uso wa mtu aliyejibiwa dua.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, sheria zikabadilika. Msimu wa kuwinda ukafupishwa, na kila mnyama akatakiwa awe na lebo yake, kipande cha plastiki chenye namba na jina la mwindaji. Lebo hiyo ilitolewa pamoja na kibali, na ilipaswa kufungwa mguuni kwa mnyama kabla hajasogezwa pale alipoangukia. Ikishafungwa haikatwi. Anayeikata amevunja sheria sawa na asiyekuwa nayo.

Wawindaji waliijadili habari hiyo uani kwetu wakishona nyavu, na mimi nilijipa kazi ya kuchambua mboga karibu nao, mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Huyu aliyepanga msimu," baba alisema, "nyasi amewahi kuziona? Anatufungulia zikiwa shingoni, hata mbwa humwoni. Zikishaungua tu, mtu anaanza kuona mbele, anatufungia. Huo si msimu wa kuwinda. Ni msimu wa kutembea."

Watu wakacheka, isipokuwa Mzee Chande, mkubwa wao, aliyekuwa na nyavu nyingi kuliko wote.

"Mie naona wana haki," alisema. "Ujana wangu tulimkuta pongo kisimani, tunapishana naye. Leo tunatembea mpaka ndala zinakatika. Tena mwisho wa kiangazi majike yana mimba. Waacheni wapumzike."

"Wapumzike, nang'olo, mzee wetu, sikatai," baba akamjibu. " Na hii plastiki ni ya nini? Hirizi? Mnyama anafungwa hirizi keshakufa! Ingemfaa angefungwa akiwa hai, risasi zimkwepe."

Tangu siku hiyo lebo ikaitwa hirizi, na hata wale waliokuwa wakiitetea waliita hivyo hivyo.

Baba akapata hirizi yake moja, ya pongo mmoja. Msimu karibu kufungwa, akampiga pongo dume, mkubwa, mgongo wake mwekundu kama udongo wa Makonde. Akamwahi na kisu, akamchinja kwa bismillahi, kisha mbele ya wenzake wote akamfunga hirizi mguu wa nyuma wa kulia, kama alivyoelekezwa. Akafanya kila kitu sawasawa. Nakuomba ukumbuke hilo, maana ndilo lililoniuma miaka yote.

Sasa, kwetu Wamakonde mtoto ana baba wa kumlisha na mjomba wa kummiliki. Mnyama akiingia nyumbani, paja la kulia ni la mjomba wa watoto, na baba asiyelipeleka amewatukana wakwe zake. Mjomba wangu alikuwa akikaa Nanyamba. Nyama ilipokatwa, paja la kulia likawekwa pembeni, na hirizi ikawa inaning'inia palepale mguuni. Sheria ilisema isikatwe. Mila ilisema paja liende. Wazee wakatazamana, wakaona hakuna ugomvi hapo, zote mbili zinatimizika. Wakalifunga paja kwa majani, hirizi na yote, likapelekwa Nanyamba kwa baiskeli. Nyama iliyobaki ikapandishwa kwenye uchanja, ikaanza kukauka kwa moshi.

Kesho yake akaja bwana nyama. Hivyo ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori. Alikuja na pikipiki moja kwa moja mpaka uani kwetu, bila kuuliza njia. Alikuwa kijana mpole, akamsalimu mama vizuri, kisha akautazama uchanja.

"Lebo ya mnyama huyu iko wapi, mzee?"

"Iko Nanyamba," baba akajibu.

"Inafanya nini Nanyamba?"

"Imemfuata mjomba."

Yule kijana alisikiliza maelezo yote mpaka mwisho. Alicheka hata, kicheko cha kweli. Kisha akaacha kucheka, akasema nyama isiyo na lebo haina mwenyewe mbele ya sheria, na bunduki iliyoiua hana budi kuondoka nayo. Akaitungua gobori ukutani. Tabu akaifuata pikipiki akibweka kwa furaha, akidhani wanakwenda kuwinda.

Mjomba alipopata habari alikuja mbio kuleta ushahidi. Hirizi alikuwa ameivua mguuni nyama ilipochemshwa, na mtoto wake mdogo akafungiwa shingoni kwa kamba. Alikuja na mtoto mwenyewe, kwa kuogopa kuikata kamba. Lakini bunduki ilikwishakwenda, na huko ilikokwenda walisema hirizi shingoni mwa mtoto si ushahidi wa pongo. Haikurudi.

Aliyemleta bwana nyama hatukuhitaji kupiga ramli. Mzee Dadi, jirani yetu ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya vichaka, alionekana alfajiri ile akiendesha baiskeli kuelekea mjini amevaa kanzu, na siku yenyewe haikuwa Ijumaa. Baba alipomuuliza mbele ya watu, baada ya sala, hakukana.

"Ndiyo, nimemwita mimi," alisema. "Sheria ni sheria."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nje ya msikiti nikisubiri ndugu yangu, nikamsikia kwa masikio yangu, na tangu hapo nilimchukia.

Kisasi chetu hakikuwa cha panga wala moto, na ndiyo maana nakipenda mpaka leo. Haukupita muda nguruwe wakaingia kwa Mzee Dadi. Akaja uani kwetu asubuhi, tope mpaka magotini. Wawindaji walikuwapo, nyavu zikiwapo, mbwa wakiwapo.

"Jamani, wameingia kwangu," alisema.

Baba alikuwa anakunywa uji. Akaumaliza kwanza.

"Msimu umefungwa, Mzee Dadi."

"Nguruwe ana msimu gani, Bwana Saidi? Huyu ni mharibifu."

"Sijui mimi. Kamuulize bwana nyama, njia ya kwake unaijua. Sheria ni sheria."

Sijawahi kusikia sentensi tamu kama ile. Mzee Chande mwenyewe, yule wa waacheni wapumzike, aliinamia wavu wake akaendelea kushona. Kijiji kizima kikaishika. Dadi akiomba debe la maji, sheria ni sheria. Akiomba mtu wa kumsaidia kuwasha moto pembezoni mwa shamba, msimu umefungwa. Sisi watoto tukamwimbia maneno hayohayo binti yake Somoe, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, na sauti ya kuanzisha ilikuwa yangu.

Usiku tulimsikia akigonga debe peke yake shambani, kaa, kaa, kaa, na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mtu mmoja hazuii kundi. Nilijifunika kanga nikawaombea nguruwe baraka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mama mdogo alisema, na mimi nikaitikia amina.

Aliyetusihi tuache alikuwa Mwalimu Komba, na si kwa ajili ya Dadi.

"Wazee wangu, ugomvi wenu mimi unanihusu nini?" aliuliza, amesimama na baiskeli yake na gunia tupu. Alikuwa amekonda kweli. Watu walimcheka mpaka machozi, lakini nyavu hazikutoka.

Shamba la Dadi likaisha lote. Muhogo ni akiba ya mtu huku kwetu. Korosho ni ya kuuza, muhogo ndio wa kuishi. Mkewe akawachukua watoto, Somoe akiwamo, akawapeleka kwa ndugu zake mjini. Dawati likawa langu peke yangu, nikatandaza madaftari kama malkia. Dadi alibaki na nyumba, na alikufa humo miaka mingi baadaye. Baba alikwenda kuzika kwa sababu dini inataka. Mimi sikwenda.

Kiangazi kilichopita nilirudi nyumbani kuwasalimia wazee. Tulikuwa jikoni na mama tunamenya muhogo, nikataja jina la Dadi kwa namna ninavyolitaja siku zote, na laana yake nikaiweka juu. Mama akaweka kisu chini.

"Mwanangu, yule pongo aliangukia wapi?"

"Porini."

"Aliangukia shambani kwa Dadi. Katikati ya muhogo wake."

Nikaacha kumenya. Hata mtoto anajua kwetu: mnyama akiangukia shambani mwa mtu, mwenye shamba anapewa mkono mmoja wa mbele. Hauombwi. Unapelekwa. Wanauita mkono wa shamba, na kumnyima mtu mkono huo ni sawa na kumwambia ardhi yake si yake.

"Dadi alikuja hapa na sahani," mama akasema. "Baba yako akamwambia hirizi ina jina la Saidi, haina jina la shamba. Watu wote walikuwapo. Wakacheka. Akaondoka na sahani yake tupu."

Nilitoka nikaenda kwa baba. Siku hizi haoni vizuri, anakaa kibarazani akisokota kamba za nyavu ambazo hakuna anayezitaka. Nikamuuliza, kwa nini hukumpa? Nilidhani atakana, au atakasirika. Akaendelea kusokota kamba.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Wamenikatia msimu, wamenifungia plastiki, wananihesabia pongo katika vichaka vya babu yangu. Nilitaka mtu mmoja aionje ile hasira. Waliopanga wako mbali, mama. Dadi alikuwa karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho yule mtoto wa dawati la peke yake asingeweza kukielewa. Nilikuwa nimekihesabu kisasi kuanzia siku ya pikipiki, kwa sababu ndiyo siku niliyolia mimi. Dadi alikihesabu kuanzia sahani. Na kila mmoja wetu alikuwa ameikomoa sheria kwa kumpiga mwenzake, na sheria yenyewe ikabaki huko iliko haina hata mchubuko.

Somoe ana duka la vitambaa hapahapa Chikongola. Miaka yote nimekuwa nikivuka barabara ili nisipite mlangoni kwake. Niliporudi kutoka kijijini nilikwenda, nikaingia, nimebeba maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Alikuwa anapima kitambaa. Akanitambua mara moja.

"Karibu, dada," akasema. "Za nyumbani?"

"Nzuri. Somoe, nimekuja..."

"Baba hajambo?"

"Hajambo, ila macho."

"Na bunduki yake, walimrudishia?"

"Hapana. Hawakumrudishia mpaka leo."

"Alhamdulillahi," akasema Somoe, taratibu, kutoka moyoni, akaendelea kupima kitambaa chake.

Nikaaga, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote. Lakini sikumkasirikia. Ningekuwa mimi, ningesema vilevile.