Kiinua Mgongo cha Baba na Fomu Niliyoijaza Mimi

Nilimwonea wivu mpangaji mwenzangu mpaka nikakosa usingizi, na sioni haja ya kuficha.

Baba yangu na baba yake walistaafu siku moja, ghala moja, kule bandarini. Kiinua mgongo sawasawa, pensheni ya mwezi sawasawa. Sisi tulipanga chumba cha mbele cha nyumba moja hapa Kariakoo, wao cha pili. Haukupita muda baba yake akanunua mabati ya nyumba anayojenga Magomeni, yakalazwa uani. Kila asubuhi nayapita na ndoo, mtoto mgongoni.

Baba yangu aliletewa karatasi ya kodi ya mapato. Wamempandisha daraja la juu kabisa, la wenye mishahara minono! Mzee wa pensheni! Kodi ile ingemeza fedha tuliyobakiza kumalizia malipo ya kiwanja chetu, na mwenye kiwanja alishasema: mwezi ukiisha, anamuuzia mtu mwingine.

“Mwalimu, mbona umenuna?” mwenzangu akaniuliza, anafua. Aliniita hivyo kwa kejeli, maana nilisoma sekondari na yeye hakuvuka darasa la pili. “Au mabati yanakuchoma macho?”

“Baba yako amelipa kodi kiasi gani?”

“Ya chini, kama wazee wote. Kwani wako kalipa ngapi?”

Nilishapata jibu langu: baba yake kaficha kiinua mgongo chake. Nikajifunga khanga, nikambeba mtoto, nikaenda bomani kumchongea. Ndiyo, kumchongea. Nilipanga foleni juani asubuhi nzima kwa kazi hiyo.

Karani alinisikiliza, akatafuta fomu mbili, akaziweka mbele yake.

“Huyu mzee hakuficha kitu,” akasema. “Alikuja mwenyewe, akasema hajui kuandika, tukamuuliza, tukamjazia. Kiinua mgongo si pato la kila mwaka, dada. Hupewa mtu mara moja tu, basi. Tunachotoza ni pensheni. Sasa hii ya baba yako, nani kaijaza?”

Mwandiko ulikuwa wangu. Mzuri, wa kulala upande mmoja, kama tulivyofundishwa. Kwenye mapato ya mwaka nilikuwa nimejumlisha kiinua mgongo chote na pensheni juu yake. Siku ile nilimwambia baba asijisumbue kwenda kwa makarani, mtoto wake amesoma.

“Itarekebishwa?”

“Aje mwenyewe na barua ya kustaafu. Na shahidi aliyestaafu naye.”

Shahidi! Alikuwa mmoja tu wa karibu, na ndiye niliyetoka kumchongea.

Nilimkuta barazani anakunywa kahawa. “Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamweleza shida, nikaruka kile kilichonipeleka bomani. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Mwambie yote,” akasema. “Asubuhi ulitoka hapa umefura kama chapati. Hukwenda kuuliza, wewe.”

Nikasema yote. Mzee akamwaga mashapo ya kahawa, akasema, “Nipeni kofia yangu.” Binti yake akanisonya, lakini kofia akaileta.

Tulikwenda wazee wawili mbele, mimi na mtoto nyuma. Mzee akatoa ushahidi wake, fomu mpya ikaletwa, kodi ikashuka ikawa ya chini. Kiwanja kilipona. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, kidogo.

Ila karani alipomaliza alinisogezea kalamu, akaniambia niandike jina la baba mahali pa sahihi, halafu baba atie dole gumba. Baba akaichukua kalamu mkononi mwangu, akamrudishia karani.

“Niandikie wewe, bwana,” akasema. “Na mwakani nitakuja mwenyewe na huyu mwenzangu. Huyu binti ana mtoto wa kulea.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angegomba.